Samoni wa mto au wa kituo? Dalili zinazochanganya na jinsi ya kuzisoma

Kila ikifika Septemba koho, aina moja ya samoni, wakianza kupanda mito huku jimbo la Washington, WhatsApp yangu inajaa picha za samaki. Jamaa zetu wa Kent na Tacoma, alafu baadaye na wale Wakongo wa Boise kule Idaho msimu wa stilihedi ukiingia, mtu kashika samaki mkono mmoja simu mkono mwingine anauliza, kaka huyu nimchukue au nimrudishe? Na picha yenyewe kapiga kichwa, wakati mi nataka kuona mgongo kule karibu na mkia.

Kwa ambao hii kitu ni ngeni kwao: samoni anazaliwa kwenye maji baridi, anashuka baharini anakaa huko mwaka mmoja au miaka kadhaa, anarudi mtoni kutaga, na hawa wa Pasifiki wengi wao wakishataga wanakufa hapohapo. Stilihedi ni yule trauti aliyepo hata kwenye mito ya Mlima Kenya, ila huyu ana tabia ya kwenda baharini. Sasa kwenye mito mingi ya huku kuna samaki waliozaliwa wenyewe kwenye changarawe na kuna waliototoleshwa kwenye kituo cha kuzalishia samaki, wakalishwa, wakaachiwa mtoni wakiwa vifaranga. Baharini wanachanganyika na mtoni wanarudi pamoja. Chinook, samoni mwingine mkubwa, wa Puget Sound, ghuba ya huku kwetu, wako kwenye ulinzi wa sheria ya viumbe walio hatarini tangu 1999, kwaiyo serikali inataka watu wavue wa kituo na wale wa mto wapite, na hapo ndo kazi inapoanza, maana ukishindwa kuwatofautisha unafunga uvuvi wote au unawamaliza wa mto bila kujua.

Neno "wa asili" nalo liwekwe sawa mapema. Samaki ambaye baba na mama walitoka kituoni lakini wao wakataga mtoni, yeye anahesabiwa wa asili. Alama zote nitakazotaja zinasema huyu samaki mwenyewe alianzia wapi maisha, hazisemi ukoo wake ukoje. Nimeona watu wanabishana nusu saa nzima kumbe kila mmoja ana maana yake.

Na kingine, hiki ukikishika mengine yote yatakaa sawa: alama ikiwepo inakuambia kitu, alama isipokuwepo haikuambii chochote mpaka ujue kituo kilifanya nini mwaka ule. Vituo vingi hukata pezi dogo la mgongoni: likikosekana una ushahidi, ila likiwepo bado hujajua.

DALILI: Pezi dogo lipo, lakini samaki anaonekana wa kituo kabisa

Pezi ninalosema ni kile kinyama kidogo laini mgongoni, kati ya pezi kubwa na mkia. Hakina miiba ndani. Vituo vingi vya Washington, Oregon na Idaho vinakikata samaki akiwa mdogo wa saizi ya kidole kabla ya kumwachia, kwa mkasi au kwa mashine zinazokaa kwenye trela. Kwa koho ukataji wa jumla ulianza kushika kasi katikati ya miaka ya 1990.

Sasa samaki ana kipezi chake kizima, ila pezi kubwa la mgongoni limejikunja, fupi, vijiti vyake vimepinda kama mwavuli ulioparamiwa na upepo. Hiyo inatokana na maisha ya kwenye mabwawa ya zege, wanasuguana na ukuta, wanang'atana wakati wa chakula, pezi linaliwa linaota tena vibaya. Wa mtoni hapati hiyo.

Sababu ziko tatu, na mi huwa naziangalia kwa mpangilio huu. Kwanza inawezekana aliachiwa makusudi bila kukatwa, na hii watu hawaiamini ila ipo sana, hasa pale ambapo kituo kinafuga kwa ajili ya kuongeza watagaji mtoni na sio kwa ajili ya ndoana. Pili, alikatwa nusu. Kipezi kikikatwa bila kufika shinani kinaota tena, saa ingine kinakuwa kidogo chenye umbo la ajabu. Tatu alipitwa tu, maana ukishika samaki maelfu kwa siku lazima wachache wakuponyoke.

Ila angalizo, hii ya pezi la mgongoni inafanya kazi vizuri kwa stilihedi kwasababu anakaa kituoni karibu mwaka mzima. Usiihamishie kwa pinki au chamu, nao ni aina za samoni, wanaoachiwa wakiwa bado wadogo sana, hao hata hawajapata muda wa kuharibika pezi. Na Chinook wa vuli wanaoachiwa wakiwa na miezi michache tu nao wanaweza kurudi na mapezi mazuri kama ya mtoni.

Kwa mvuvi wa ndoana jibu ni fupi: kipezi kipo, unamrudisha, hata kama mgongo umechakaa vipi, maana kanuni inaangalia kipezi. Kwa anayehesabu samaki kwenye bwawa au kwenye mtego jibu ni lingine, yeye anaandika "hajakatwa, pezi la mgongo limechakaa" kwenye safu yake, asimtupe tu kwenye kundi la wa mto.

DALILI: Pezi halipo, ila pana kidonda

Huyu sio wa kituo, huyu kakutana na mtu mwenye kisu. Washington inataka kovu lililopona mahali pezi lilipokuwa, na samaki aliyekatwa akiwa kifaranga anakuwa na ngozi laini iliyofunga zamani, hakuna damu hakuna nyama nyeupe inayoonekana. Afisa anaijua hii kwa sekunde mbili. Mara chache sana unakuta samaki kazaliwa bila kipezi au kaking'atwa na kitu, ipo, ila ni wachache mno kubadilisha hesabu yako.

DALILI: Pezi limekatwa, unapitisha kifaa kichwani hakilii

Hii ndo inawatesa vijana wapya. Ndani ya pua ya baadhi ya samaki wa kituo kuna kipande cha waya wa chuma cha pua, urefu milimita 1.1, unene robo milimita, kimechomekwa kwenye gegedu kwa sindano, na kifaa ninachosema ni cha mkononi, kinalia kikihisi huo waya. Kina namba zinazosomeka kwa hadubini: kituo gani, mwaka gani, kundi gani la kuachiwa. Kwa Kiingereza ni coded wire tag, mi nauita waya wa namba, nikisema waya wa kodi nyumbani watadhani TRA wamefika mpaka kwenye samaki. Teknolojia yenyewe ni ya miaka ya 1960 na mpaka leo mikataba ya uvuvi kati ya Marekani na Kanada inaegemea sana huo waya.

Zamani kipezi kilichokatwa kilikuwa na maana moja tu, humu ndani kuna waya, kata kichwa peleka maabara. Ilivyokuja sera ya kukata mapezi ya samaki wote wa kuvuliwa ile maana ikavunjika. Mamilioni wanakatwa na hawana waya. Kwaiyo kifaa kisipolia sababu ya kwanza kabisa ni kwamba hakuna waya na hakujawahi kuwa na waya. Mtu anayekata kila kichwa chenye pezi lililokatwa anajaza friza vichwa vitupu na watu wa maabara watamchukia.

Lakini usikimbilie hapo kabla hujajikagua mwenyewe:

- Kifaa umekijaribu na waya wa majaribio asubuhi? Betri?
- Kama ni Chinook mkubwa, umekiingiza mdomoni au umekipitisha juu ya pua tu? Chinook mzee pua yake nene, waya uko ndani, ukipitisha juujuu unaukosa. Kile kifaa chenye umbo la herufi T kinaingia mdomoni kwasababu hiyo.
- Ulikipitisha kwa kukisogeza? Waya umefanywa sumaku, kifaa kinahisi mwendo, ukikituliza tu pale kama unapima homa hakitakuambia kitu.

Ukishamaliza hayo, kuna wachache waya uliwatoka, kawaida mapema wiki za mwanzo baada ya kuchomekwa. Vituo huwa vinashika sampuli kabla ya kuachia kuona wangapi wamepoteza, na hiyo asilimia lazima iingie kwenye hesabu.

DALILI: Kifaa kinalia, pezi lipo zima

Angalia ndoana kwanza. Sitanii. Samaki aliyekata mshipi wa mtu wiki iliyopita anatembea na chuma mdomoni na kifaa kinalia vizuri tu. Mi mwenyewe msimu wangu wa kwanza nilikata kichwa cha samaki wa namna hiyo nikakifunga na lebo vizuri nikakipeleka, nikaletewa ndoana kwenye kibahasha, na mpaka leo kuna mtu kazini ananiita ndoana.

Kama hakuna ndoana, basi ni wa kituo mwenye waya ambaye hakukatwa kwa makusudi. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo. Moja ni majaribio ya makundi pacha: kituo kinachukua samaki walewale, nusu wanapata waya na kukatwa pezi, nusu wanapata waya bila kukatwa. Wakirudi unalinganisha. Tofauti kati ya makundi mawili ndo inakuonyesha uvuvi wa kuchagua, ule wa kuchukua waliokatwa tu, umewagusa kiasi gani, na kundi lisilokatwa linasimama badala ya samaki wa mto ambaye naye anarudishwa majini, na wengine wakirudishwa wanakufa kwa majeraha, usisahau hiyo. Sababu ya pili ni mipango ya kurudisha samaki mtoni, mfano Chinook wa vuli wa Snake River, ambapo makabila kama Nez Perce wana vituo vyao na hawapendi kukata kila samaki, maana lengo ni afike mahali pa kutagia, na ukimkata pezi umempa kila mwenye ndoana ruhusa ya kumla njiani. Mi kwa upande wangu naona wana hoja, ingawa inanipa kazi mara mbili.

DALILI: Mto una "wa asili" wengi mpaka hauaminiki

Hapa ndo makosa makubwa yanapofanyika na ndo yanaharibu maamuzi, kwaiyo nitakaa kidogo.

Chukua Chinook wa vuli wa bonde la kati la California, Sacramento na mito inayoingia humo. Tangu 2007 vituo vya kule vinaweka alama kwenye robo tu ya samaki wanaoachiwa, asilimia 25, hao wanakatwa pezi na kuwekewa waya. Robo tatu wanaondoka na pezi zima, hawana waya, kwa macho huwezi kuwatofautisha na wa mto. Faida ni kwamba kiwango kinafanana kwa vituo vyote, kwaiyo hesabu inawezekana. Hasara ni kwamba mtu asiyejua anatembea ukingoni anaona mizoga yenye mapezi anasema mto umepona.

Tuweke mfano wa kubuni. Umekagua mizoga 400, 70 haina pezi. Mgeni atasema 330 ni wa asili. Ukijua kiwango ni robo, kila mmoja aliyekatwa anawakilisha wanne, 70 mara 4 ni 280 wa kituo, wanabaki 120 wa asili. Kutoka 330 mpaka 120, kwa mizoga ileile!

Subiri, haijaisha. Ukisoma namba za waya unakuta kati ya wale 70, 30 wametoka kwenye mpango mwingine unaoweka alama kwa samaki wake wote, wamepotea njia wakaingia mto wako. Hao 30 wanabaki 30, hawazidishwi. Wale 40 ndo unazidisha kwa 4, unapata 160. Jumla 190 wa kituo, 210 wa asili. Ndo maana nasema kuhesabu mapezi bila kusoma waya ni kazi nusu, kila kundi la waya lina kiwango chake na unazidisha kwa kundi, sio kwa mto mzima.

Na sampuli ikiwa ndogo itakudhalilisha. Mizoga 10, 3 imekatwa, mara 4 ni 12. Samaki 12 wa kituo kwenye mizoga 10. Sio kwamba kanuni imekosea, ni wewe umeiuliza swali kubwa kwa sampuli ndogo.

Kwanini yote haya ni muhimu? Kwasababu wasimamizi wanatumia sehemu ya watagaji mtoni ambao ni wa kituo, kwenye mfano wetu wa kwanza ni 0.70 na wa pili ni kama 0.48, wanailinganisha na sehemu ya wazazi wanaotumika kituoni kuzalisha vifaranga ambao ni wa asili. Unachukua hiyo ya wazazi unaigawa kwa jumla ya zote mbili, na jibu likiwa kubwa ndo vizuri kwa samaki wa mto. Tuseme wazazi wa asili kituoni ni 0.20: hesabu ya kwanza inatoa 0.22, ya pili inatoa 0.30 hivi. Jopo la wanasayansi waliopitia vituo vya Pasifiki Kaskazini Magharibi walipendekeza kwa mito muhimu isishuke chini ya 0.67, kwaiyo hapa zote mbili ni mbaya, ila ukitumia ile hesabu ya mgeni wa kwanza, watagaji wa kituo wanatokea 0.175 tu, unapata 0.53 unadhani uko karibu kufika. Mtu anaenda kwenye kikao na hiyo namba anaomba kituo kiongeze vifaranga. Na hofu ya kuchanganyika sio ya kufikirika, utafiti uliotoka 2007 juu ya stilihedi wa Hood River, Oregon, ulikuta uwezo wa kuzaa mtoni unashuka karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni.

DALILI: Hakuna samaki hata mmoja aliyekatwa, na vituo vipo vikubwa

Uko Alaska, Prince William Sound labda, kwenye pinki. Huko wanaachia vifaranga mamia ya mamilioni kwa mwaka, wengi hawajafika hata gramu moja, nani atakata pezi? Alama yao iko ndani ya kijiwe cha sikio. Yai likiwa kituoni wanabadilisha joto la maji kwa ratiba, baridi kidogo, joto kidogo, na kila badiliko linaacha mstari kwenye kijiwe, unapata mpangilio wa mistari kama ile ya bidhaa za supamaketi. Kundi zima linawekewa alama kwa mara moja bila kumgusa samaki. Nchi za Pasifiki Kaskazini zinapeana taarifa za mipangilio yao ili isigongane.

Tatizo ni kwamba samaki lazima awe amekufa, na kijiwe kinasagwa mpaka katikati ionekane. Msomaji akisema "hakuna alama", niulize mimi, kwanza hakusaga vya kutosha, au kasaga akapitiliza katikati ikaondoka. Ndo maana vijiwe vinasomwa na watu wawili bila kuoneshana majibu, na kutoka kila kituo wanaweka akiba ya vijiwe vya vifaranga kabla hawajaachiwa ili kulinganisha. Mistari ya asili ipo pia, maji ya mto yanabadilika joto usiku na mchana, ila haina ule mpangilio wa kupimwa.

DALILI: DNA imerudi inasema "hana mzazi"

Snake River tangu 2008 wanachukua kipande cha pezi cha kila mzazi anayetumika vituoni, Chinook na stilihedi, wanaweka kwenye kanzidata. Mtoto akirudi baada ya miaka unamchukua kipande unamtafutia baba na mama, ukiwapata umejua kituo na umri wake hapohapo, hata kama hana alama yoyote mwilini. Kwangu mimi hii ndo njia nzuri kuliko zote kwa mabonde yaliyojipanga.

Ila "hana mzazi" sio "wa mto". Mzazi mmoja anaweza akawa hakuchukuliwa sampuli, au sampuli iliharibika, au samaki katoka bonde lingine ambalo haliko kwenye kanzidata yako. Na usichanganye na kile kipimo cha kujua samaki ni wa mto gani kwa jumla, hicho hakisaidii kama kituo kinachukua wazazi kutoka mto huohuo, vinasaba vyao ni vilevile.

Magamba nayo yanasaidia, pete za samaki wa kituo zimepangana sawasawa kwasababu alikula kila siku bila kukosa, wa mto ana majira ya njaa yanayoonekana. Norwei wanategemea sana hiyo kuwatambua samoni waliotoroka kwenye vizimba. Lakini magamba yanataka jicho la mzoefu, na kwa samaki aliyekwisha panda mto kingo zake zinakuwa zimelika.

DALILI: Mzoga umeoza, hujui pezi lilikuwepo au halikuwepo

Hii inatokea kila wiki baada ya mvua. Mkia umeliwa, mgongo umelainika kama ugali wa jana, mwenzako ana haraka anasema andika lipo tu twende. Usiandike lipo. Kuna safu ya "haijulikani", weka humo, pitisha kifaa kichwani maana pua inadumu kuliko ngozi, toa kijiwe cha sikio kama mpango wenu unakitumia. "Haijulikani" inatolewa kwenye mgawanyo, ila "lipo" ya uongo inaingia kama samaki wa asili, na kwa mto wa robo ukipoteza mmoja aliyekatwa umewapoteza wanne.